Mama Nakala na Ukurasa wa Tatu wa Nahau

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Nakala atafunika mashine yake, atazima taa ya chumba cha uchapaji, na atakuwa ameitumikia idara hii ya maji kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Katika muda huo amewaona wakurugenzi saba wakija na kuondoka, makamu wakurugenzi ambao hakuna aliyewahesabu, na mifumo mitatu ya kupanga majalada, kila mmoja ukiwa umeletwa ili kuondoa usumbufu wa ule uliotangulia. Kamati ya sherehe imeniomba niandike ukurasa mmoja wenye bashasha, usiochimba mambo ya zamani. Upande wa bashasha nimejitahidi.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na minne, mke wa fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, na cheti cha kupiga chapa kilichokunjwa mara nne ndani ya mkoba. Aliajiriwa kwa miezi mitatu ya majaribio. Kwa kuwa hakuna jalada lolote linaloonyesha kwamba majaribio hayo yalifungwa rasmi, tunaweza kusema anastaafu akiwa bado anajaribiwa, na kwamba anaendelea vizuri.

Jina la Mama Nakala alilipata mwaka huo huo wa kwanza. Wapigachapa wenzake walitoa nakala mbili, moja ya kupelekwa na moja ya masijala. Yeye aliongeza karatasi ya kaboni na kujiwekea ya kwake. Chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto, aliweka herufi zake mbili ndogo na tarehe, hata kama ni tangazo la choo kufungwa kwa matengenezo. Nakala hizo alizipanga kwenye makasha yaliyokuwa yamebeba viungo vya mabomba, kasha moja kwa kila mwaka. Makasha yalianza chini ya meza, yakapanda ukutani, na mwishowe yakachukua nafasi ya kiti cha wageni, jambo ambalo alisema limepunguza umbea kwa nusu. Alipoulizwa ni ya nini, alijibu kwamba mtu akiandika jambo ni lazima aweze kuulizwa.

Kompyuta zilipokuja, mtaalamu alimweleza kwamba sasa nakala zinakaa humo humo ndani. Mama Nakala aliitazama ile mashine, akamshukuru mtaalamu kwa adabu, kisha akaendelea kutoa kila kitu kwenye karatasi na kutia kwenye kasha. Miaka minne baadaye radi ilipiga nguzo ya umeme, mashine zote zikafa asubuhi moja, na idara nzima, kuanzia mikataba hadi siku za likizo za watu, ilirudishwa kutoka kwenye makasha ya viungo vya mabomba. Mkurugenzi wa wakati huo alipewa cheti cha kujiandaa vyema kwa dharura. Mama Nakala ndiye aliyekichapa.

Hayo ndiyo mafanikio ambayo kamati ilitaka niyaeleze, na nimeyaeleza. Lakini siku ya kuagana ni siku ya kusema ukweli, na ukweli ni kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyotufanyia Mama Nakala lilianza na kosa lake mwenyewe.

Wenzetu mlioajiriwa karibuni hamkuukuta Mtihani wa Kupanda Ngazi, na mna bahati. Mtihani huo aliubuni mkuu wa utumishi wa enzi hizo, ambaye watu walimwita Mzee Kamati kwa sababu hata kikombe kikivunjika kantini aliunda kamati ya kukichunguza. Aliamini kwamba idara ya kisasa inahitaji watumishi wanaojua Kiingereza, si cha kuombea maji ya kunywa bali kile cha ndani, chenye nahau. Kwa hiyo kila mtumishi aliyetaka kupanda ngazi, na kila kibarua aliyetaka kuajiriwa moja kwa moja, ilibidi aketi kwenye meza za kantini Jumamosi moja kwa mwaka na kueleza maana ya nahau ishirini za Kiingereza. Kufaulu kulitaka kumi na mbili. Kibarua akianguka mara tatu, mkataba wake haukuongezwa tena, akaenda zake.

Katika kazi yenyewe, Kiingereza kilihitajika kama mara mbili kwa mwaka, pale mtaalamu wa pampu alipokuja kutoka kwa watengenezaji. Naye muda mwingi alionyesha kwa kidole.

Ili watu wapate cha kusoma, Mzee Kamati aliazima kitabu cha nahau kwa rafiki yake, akanakili kwa mkono nahau mia na ishirini pamoja na maana zake, kwa wino wa zambarau, akarudisha kitabu. Rafiki akahama nacho. Ule mwandiko wa zambarau ukapelekwa chumba cha uchapaji, nao ukatoka huko ukiwa kurasa tano za stensili, nahau ishirini na nne kila ukurasa, upande wa kushoto nahau na upande wa kulia maana. Ukaitwa Orodha. Wasoma mita waliibeba mfukoni na kuikariri wakitembea kutoka nyumba hadi nyumba. Mafundi bomba waliulizana wakiwa ndani ya mtaro, maji yakiwafika magotini. Dereva aliibandika kwenye dashibodi, akagonga geti, na katika maelezo yake kwa mkuu wa usafiri alisema alikuwa amefika namba thelathini na nane.

Watu hao hao, ukiwaambia kwa lugha yao kwamba jirani ameaga dunia au kwamba fulani ana mkono mrefu, hawakuhitaji Orodha. Walikuwa na nahau mdomoni tangu wakiwa wachanga, na hakuna aliyewahi kuwaongezea ngazi kwa ajili hiyo.

Orodha aliichapa Mama Nakala. Ulikuwa mwaka wake wa sita kazini na alikuwa na mtindo wake wa kwenda mbio: alichapa kwanza safu yote ya kushoto mpaka chini, akairudisha karatasi juu, ndipo akachapa safu yote ya kulia. Hakuna aliyemfikia kwa kasi. Alipokuwa amemaliza safu ya kushoto ya ukurasa wa tatu, tarishi aliingia na habari kwamba bintiye ameanguka shuleni na kuvunjika mkono. Akaondoka alivyo. Aliporudi baada ya siku mbili, Mzee Kamati alikuwa amesimama mlangoni akiulizia Orodha. Mama Nakala aliketi, akairudisha karatasi juu, na jicho lake likaruka maana ya kwanza. Akaanza na ya pili.

Habari ya mkono wa binti nilielezwa na binti mwenyewe, miaka mingi baadaye. Mama yake hakuwahi kuitaja.

Kwa hiyo ukurasa wa tatu wote, kuanzia namba arobaini na tisa hadi sabini na mbili, kila maana ilipanda juu mstari mmoja na kukaa mbele ya nahau isiyo yake. Waingereza wana nahau ya kipande cha keki, nayo kwao ni jambo jepesi sana kufanya. Inayofuata ni ya kupiga ndoo teke, nayo ni kufa. Inayofuata tena ni ya mtu kuwa chini ya hali ya hewa, nayo ni kujisikia mgonjwa kidogo. Katika Orodha yetu, kipande cha keki kikawa ni kufa, na kupiga ndoo teke kukawa ni kujisikia mgonjwa kidogo. Namba sabini na mbili, ya tembo mweupe, ambayo kwao ni kitu cha gharama kubwa kisicho na kazi, ilibaki bila chochote mbele yake. Mzee Kamati alipoiona nafasi hiyo tupu alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika kwamba nahau hii haina maana maalumu.

Maana ya namba arobaini na tisa, ya kuvunja barafu, ambayo kwao ni kuwachangamsha watu wasiojuana, haikuonekana popote. Iliporukwa ilirukwa moja kwa moja.

Kama kosa lingekuwa ukurasa wa pili au wa nne, huenda lisingemuumiza mtu. Lakini ukurasa wa tatu ndio uliotoka safi kuliko zote. Nyingine zilivuja wino. Mzee Kamati, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alitunga maswali yake mengi kutoka humo, na alisahihishia humo humo. Kwa miaka kumi na mmoja watu wakakariri, wakaulizwa, wakajibu, wakafaulu. Waliandika kwamba tembo mweupe hana maana maalumu wakapewa alama yao. Wachache waliokuwa wakijua Kiingereza cha nje walijiambia kwamba hicho cha kwetu lazima kiwe ni cha kiofisi.

Siwezi kupita hapa bila kutaja barua aliyoandika Mzee Kamati mwenyewe kwa watengenezaji wa pampu. Alikuwa na mafua, akachelewa kujibu, akaomba radhi kwa Kiingereza cha ndani. Aliwaeleza kwamba wiki iliyopita alipiga ndoo teke, lakini anamshukuru Mungu sasa ana nafuu na amerudi mezani. Wale watu walijibu kwa uangalifu sana. Waliiandikia idara kwa jumla, wakatoa pole kwa familia, na wakaomba watajiwe mtu mwingine wa kuwasiliana naye. Mzee Kamati aliunda kamati ya kuchunguza nani amezusha kifo chake.

Mimi niliingia katika habari hii mwaka wa kumi na tano wa Mama Nakala. Nilikuwa kibarua wa stoo, nikihesabu viungo na mita, na kila mtu aliniita Dada wa Stoo, jina ambalo halijanitoka hata baada ya kukabidhiwa stoo yote. Kabla ya hapo nilikuwa nimemhudumia kwa miaka minne bibi mmoja mjane aliyezungumza Kiingereza tu. Alikuwa na nahau kwa kila jambo lililotokea ndani ya nyumba ile, na alinieleza zote, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Nilipousikia mtihani wa nahau nilicheka. Nikadhani kazi ya kudumu nimeshaipata, na Orodha sikuishika kabisa.

Mara ya kwanza nilipata alama tisa. Nikasema ni woga. Mara ya pili nilipata nane, na bado kiburi hakikuniruhusu kuazima Orodha.

Nyumbani nilikuwa na mama asiyejiweza na wadogo zangu wawili shuleni, na wote waliishi kwa kibarua hicho. Nilikuwa nimebakiza mara moja. Watu wa stoo walinionea huruma kwa namna yao. Mmoja aliniambia kwamba Kiingereza hakimfai kila mtu, na mimi dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimemsaidia mtaalamu wa pampu kueleza kwa nini vali zake zinavuja. Nilianza kuamini kwamba bibi yule alinidanganya kwa miaka minne mfululizo, na sikuelewa alikuwa anapata nini.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa tatu nilikwenda chumba cha uchapaji kufuata mkataba wangu wa wiki tatu, ule ambao huenda ungekuwa wa mwisho. Mama Nakala alikuwa peke yake. Hatukuwa na mazoea. Aliniuliza, bila kuinua macho, imekuwaje mtu anayeongea na mtaalamu kama wanaongea ndugu wawili aanguke nahau. Nilimwambia sijui. Akaniuliza ni zipi nilizokosa. Nikamtajia chache, pamoja na yale niliyojibu. Nilipofika kwenye ndoo na kufa, vidole vyake vikasimama.

Aliinuka, akahesabu makasha kutoka ukutani, akalishusha la mwaka wa sita. Ndani yake, chini ya tangazo la kukatwa maji na barua za likizo, alitoa kurasa tano za Orodha, na nyuma yake mwandiko wa zambarau wa Mzee Kamati, kwa sababu hata rasimu alikuwa hatupi. Akachukua rula, akaiweka kwenye mwandiko, akaweka nyingine kwenye nakala, akashuka nazo mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili pia. Kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa tatu alisimama, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akashuka mpaka chini kabisa, polepole sana.

Kisha akatazama chini ya ukurasa, kushoto, kwenye zile herufi mbili ndogo.

Mimi nilikuwa na shida zangu, na akili yangu ilikwenda huko. Nilimwomba anipe huo ukurasa. Kama wao wanasahihishia humo, nilisema, nitaukariri ulivyo, makosa na yote, na kila mtu atabaki na amani. Nilimwuliza kama nikifanya hivyo nitafaulu.

"Utafaulu," alisema. "Na mwakani nitamchapia mwingine hivi hivi."

Aliniingizia karatasi mashineni na kunichapia nakala ya ukurasa wa tatu, makosa yake yakiwa vile vile, akaniambia niukariri, nisije nikapoteza kazi kwa sababu yake. Akasema yeye ataupeleka mwandiko kwa Mzee Kamati asubuhi, lakini hajui kama watamsikiliza. Hapo ndipo niliposhtuka. Idara nzima ilijua kwamba mwisho wa mwezi huo Mama Nakala angefanywa msimamizi wa chumba cha uchapaji. Alikuwa amekingoja cheo hicho miaka mingi, na mumewe alikuwa ameshamshonea gauni la kwenda kukipokea. Nilimsihi. Nilimwambia miaka kumi na mmoja imepita, hakuna aliyekufa, mimi nitafaulu, yeye atapata cheo chake, na anyamaze tu.

"Mwanangu, wangapi wameondoka hapa wakijiona wajinga?" aliniuliza. "Na karatasi ina herufi zangu."

Asubuhi aliupeleka mwandiko, Mzee Kamati akaunda kamati, nayo ikaketi kwa saa tatu. Niliyoyasikia niliyasikia kwa mhudumu wa chai, aliyeingia mara tano ingawa watu walikuwa sita tu. Wote waliokuwa mezani walikuwa wamepanda ngazi kwa Orodha hiyo. Walianza kwa kusema kwamba isingewezekana watu wengi hivyo wafaulu kwa kitu cha makosa. Mtaalamu wa pampu, aliyekuwa kwa bahati mjini, aliitwa na kuulizwa kipande cha keki ni nini. Akasema ni jambo rahisi. Mjumbe mmoja akaomba iandikwe kwamba shahidi ni mmoja tu na huenda ana lafudhi ya kwao. Hapo Mama Nakala akaweka mezani mwandiko wa zambarau na kumwomba Mzee Kamati athibitishe kwamba ni wake. Ulikuwa wake. Mezani pakawa kimya kiasi kwamba mhudumu wa chai alisikia sukari ikikorogwa, anavyodai yeye.

Waliomwuliza kosa lilitokeaje, aliwajibu kwamba aliruka mstari. Hakusema kingine chochote. Kamati ikaahidi kutafakari.

Ikatafakari mpaka Jumamosi ya mtihani bila kutangaza lolote. Niliketi kwenye meza ya kantini nikiwa sijui nitasahihishiwa kwa maana zipi. Kichwani nilikuwa na maana mbili kwa kila nahau, ya bibi yule na ya Orodha, na nyumbani nilikuwa na watu watatu wanaongoja. Mama Nakala alikuwa akigawa karatasi. Alinipa yangu, hakunitazama, akapita. Swali la pili lilikuwa la ndoo.

Nataka niseme wazi kwamba sikuwa jasiri. Mkono ulitangulia kuandika kile cha Orodha. Niliandika herufi tatu za kujisikia mgonjwa. Halafu nikamwona amesimama karibu na dirisha, ameshika karatasi zilizobaki, katika gauni lake la kila siku, mtu ambaye ameshakipoteza cheo chake na anajua hivyo. Nikaona aibu. Nikafuta. Nikaandika kufa, na kuanzia hapo nikaandika zote kama bibi alivyonifundisha, kila moja nikiona kama najifukuzisha kazi.

Matokeo yalibandikwa baada ya siku kumi. Nilipata kumi na nane. Mbili nilizokosa nilizikosa kihalali. Waliojibu kwa Orodha nao walifaulu, kwa maana kamati ilikuwa imeamua, ili kutovuruga utulivu kazini, kwamba kwa mwaka huo maana zote mbili ni sahihi. Ulikuwa mwaka pekee ambao mtu angeweza kufa au kuugua kidogo katika idara hii na kupata alama ile ile. Mwaka uliofuata Orodha ilichapwa upya, na waliokwisha kupanda ngazi kwa ile ya zamani wakaruhusiwa kuendelea kuitumia. Waliokuwa wameanguka na kuondoka waliandikiwa barua za kuitwa waje kusahihishiwa tena. Wanne walirudi. Barua hizo ziliandikwa kwa sababu Mama Nakala alikwenda na majina yao, anwani zao na tarehe walizoondoka. Vyote alikuwa navyo.

Yeye aliandikiwa onyo. Mzee Kamati aliliandika kwa mkono, na kwa kuwa wapigachapa wengine walikuwa na kazi, likapelekwa kwake alichape. Alilichapa. Alirekebisha sentensi mbili zilizokuwa zimepinda, akarudisha neno uzembe pale lilipokuwa limesahaulika, akatoa nakala tatu, akaweka herufi zake chini, akalipeleka likatiwe sahihi, akalipokea rasmi, akatia nakala moja kwenye kasha la mwaka. Usimamizi wa chumba cha uchapaji alipewa bwana mmoja aliyepiga chapa kwa kidole kimoja, lakini aliyewahi kupata ishirini kwa ishirini. Alimsimamia Mama Nakala miaka tisa. Kila barua iliyomshinda alimpelekea yeye.

Cheo hakikurudi. Watu husema katika hafla kama hizi kwamba mstaafu hakujali vyeo, na mimi sitasema hivyo, kwa sababu si kweli. Alijali. Gauni lile alilivaa kwenye harusi ya binti, na siku hiyo aliniambia kwamba lilishonwa kwa shughuli nyingine. Alisema hivyo mara moja tu, akaniuliza kama nimepata kinywaji.

Mtihani wenyewe ulifutwa na mkurugenzi wa tano, aliyegundua kwamba hajui hata nahau moja na hataki kuulizwa. Mzee Kamati alistaafu kwa heshima zote, na wasifu wake, ambao ulisomwa katika ukumbi huu huu, ulimtaja kama mwasisi wa ubora wa lugha kazini. Aliyeuchapa nyote mnamjua.

Kwa niaba ya masijala, stoo, mafundi, wasoma mita, kantini na uongozi, tunamshukuru Mama Nakala kwa kila ukurasa. Tunamwombea afya, asubuhi zisizo na haraka, wajukuu wenye adabu ya wastani, na mume ambaye sasa atalazimika kuzoea kuwa na mtu nyumbani mchana. Maisha na yamtendee wema kama alivyowatendea wengine.

Yaliyobaki ni yangu. Nimejaribu kumshukuru kwa miaka kumi na tisa. Kila nilipoanza, ameniambia nimpishe, ana barua ya mkurugenzi, akaingiza karatasi mashineni na kupiga chapa mpaka nikaondoka. Safari moja nilimfuata hadi nyumbani kwake, akanipa vitunguu nimenye. Leo ameketi mstari wa mbele, mikono mapajani, na ratiba haimruhusu kusema neno mpaka saa kumi.

Mama, nilikuwa na miaka ishirini na saba na mkataba wa wiki tatu. Nilikuomba unyamaze, na ungenyamaza hakuna ambaye angejua. Mama yangu alizikwa akiwa ametunzwa, wadogo zangu wamesoma mpaka mwisho, na mimi nimekaa mahali pamoja bila kuogopa mwisho wa mwezi. Najua ulilipia nini. Asante. Nilitaka kusema hivyo tu, na leo nimemaliza.